Mkalimani wa Jumatano

Kila Jumatano saa nne asubuhi, kengele ya Chuo cha Ualimu cha Betheli hugongwa mara tatu na masomo husimama. Chuo chenyewe ni kidogo, juu kidogo ya Elburgon: wanafunzi mia moja na arobaini, walimu kumi na mmoja, wapishi wanne, ng'ombe watatu wa maziwa na kanisa la mbao lenye paa la mabati. Watu huingia na masweta yao, wakakaa wamebanana kwa sababu ya baridi, wakaimba nyimbo mbili, wakasikiliza matangazo. Kisha mgeni wa wiki husimama.

Wageni walikuwa wa kila aina. Alikuja askofu aliyependa utani kuliko Maandiko. Akaja meneja wa benki aliyehubiri juu ya Yusufu na maghala ya Misri, akamalizia kwa kugawa kalamu. Akaja mwanariadha mmoja aliyekimbia mbio katika nchi za watu hadi magazeti yakamjua. Alisema sentensi tatu, akaketi, na wanafunzi wakampigia makofi kuliko wageni wote wa mwaka ule.

Karibu wote walisema kwa Kiingereza. Wapishi, walinzi na akina mama wa mashamba ya jirani, ambao nao walikuja chapel kila Jumatano bila kukosa, hawakukifahamu. Kwa hiyo kando ya kila mgeni alisimama Zeddy Chelangat, mwanafunzi wa mwaka wa pili, msichana mwembamba mwenye sauti nzito kuliko mwili wake, akitafsiri kwa Kiswahili.

Kazi hiyo aliiweza. Utani wa askofu ulipokuwa hauchekeshi, yeye aliusema kwa namna ambayo ulichekesha, na askofu akarudi kwake akijiona bingwa. Jemutai, mpishi mkuu, alikuwa akisema kwamba mahubiri mengi ya Betheli huwa matamu yakishapita mdomoni mwa Zeddy.

Aliyemfundisha alikuwa Mchungaji Mathenge, kasisi wa chuo, mzee mfupi aliyevaa koti moja mwaka mzima. Mwanzoni Zeddy alikuwa akisema, "Mgeni anasema yeye alizaliwa Kericho," na Mathenge akamwita kando.

"Mkalimani hana 'anasema'," alimwambia. "Mgeni akisema 'mimi', na wewe sema 'mimi'. Ukisema 'yeye', umemsukuma mbali na watu. Kwa nusu saa hiyo wewe si Zeddy. Wewe ni huyo mgeni."

Tangu siku hiyo Zeddy alikuwa amekuwa askofu, meneja wa benki, mjane kutoka Longonot na mwanajeshi mstaafu, kila mmoja kwa nusu saa yake.

Mwaka huu, muhula wa kwanza, Mathenge alibandika orodha mpya ya wageni ukutani nje ya jikoni. Juu yake aliandika kwa mkono: *Muhula huu, neno la mzazi.* Zeddy aliisoma akiwa na kikombe cha uji mkononi. Jumatano ya tano palikuwa pameandikwa: Mzee Kibii, mkulima, Olenguruone.

Rafiki yake Kui, aliyelala naye chumba kimoja, alimwona amesimama hapo mpaka uji ukaganda utando.

"Niaje? Umeona mzimu?"

"Huyo ni baba yangu."

"Wacha! Fathe yako ni preacher?"

"Baba yangu analima viazi," Zeddy akasema, akamwaga uji nyasini.

Kui hakuuliza zaidi. Walikuwa wamekaa pamoja mwaka mmoja na nusu, na alikuwa amegundua kwamba simu ya kutoka Olenguruone ikilia, Zeddy huzungumza kwa muda usiofika dakika moja. Habari za huko. Nzuri. Ng'ombe wazima. Haya, baba. Basi. Tangu mama yake alipofariki ilikuwa hivyo. Wiki ile ya mazishi Zeddy alikuwa ameona kitu ndani ya simu ya baba yake. Hakumwambia mtu isipokuwa mama yake mdogo anayeuza mitumba Bondeni, mjini Nakuru, na kwa huyo ndiko alikohamia kabla ya kuja chuoni.

Mchana alikwenda ofisini kwa Mathenge.

"Mchungaji, huyu mgeni wa wiki ya tano."

"Kaa chini, Zeddy. Mwezi wa kwanza nilipeleka kwaya Olenguruone. Wewe ulikuwa na homa."

"Ndiyo, Mchungaji." Hakuwa na homa.

"Baba yako alitulaza kwake. Kesho yake kanisani akaombwa aombe. Aliomba dakika tano kwa lugha yenu. Sikuelewa neno hata moja, nikalia. Nimekuwa mchungaji miaka thelathini na miwili. Kulia si kazi rahisi kwangu."

"Hajui kuhubiri."

"Wengi wanaokuja hapa hawajui. Huwa nawavumilia."

"Kiswahili chake ni cha soko."

"Alinieleza mwenyewe. Ndiyo maana atasema Kikipsigis na mtu atatafsiri."

"Huyo mtu si mimi, Mchungaji. Nakuomba."

Mathenge alifungua daftari lake la ratiba. "Sikulazimishi," akasema. "Kuna Kipketer. Naye ni Mkalenjin."

"Kipketer ni Mtugen aliyezaliwa Nakuru mjini. Anajua kusalimia tu."

"Basi tutasalimiana."

Jumatano ya tano ilikuja na ukungu. Saa nne kasoro dakika tano Zeddy alimwona baba yake kupitia dirisha la darasa. Alikuwa langoni, amesimama na mlinzi, amevaa koti lake la kijivu la mazishi na viatu vya kuazima vilivyomfanya atembee kama mtu anayekanyaga mayai. Mkononi alibeba kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando yaliyotiwa masizi, kimefungwa vizuri kwa kamba. Kipketer, kijana mrefu mwenye tabasamu la haraka, alikuwa ametumwa kumpokea, naye alikuwa akitikisa kichwa kwa kila alichoambiwa, hata maswali.

Zeddy alitoka akaenda kumsalimu. Adabu haina likizo.

"Chamgei, baba."

Mzee Kibii akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Umekonda," akasema kwa Kikipsigis.

"Ni baridi."

"Baridi haikondeshi mtu."

"Kengele inalia, baba. Ingieni." Akaenda kukaa na Kui benchi la pili kutoka nyuma, karibu na mlango.

Waliimba. Matangazo yakasomwa: ng'ombe mmoja amezaa, waliokopa vitabu vya maktaba wavirudishe. Mathenge akamkaribisha mgeni, akasema maneno machache tu, kisha Mzee Kibii akapanda jukwaani na Kipketer kando yake, maiki mkononi.

"Chamgei!" Mzee akasema.

"Chamgei!" Theluthi moja ya kanisa ikaitikia kwa nguvu. Mzee akatabasamu. Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, akaanza. Alisema kwamba alitoka nyumbani umande ukiwa bado haujaamka.

Kipketer akakunja uso. "Anasema alitoka nyumbani... akiwa hajaamka."

Kicheko kidogo kikapita. Mzee Kibii akatabasamu tena, akidhani wamefurahia. Akaendelea na methali ya kwao, kwamba ng'ombe aliyeponea ukame hasahau chemchemi.

Kipketer alimsikiliza mdomo wazi. Akamwomba arudie. Mzee akarudia polepole. Kipketer akageukia watu, jasho likimtoka katika baridi ile.

"Anasema... ng'ombe ameokoka."

Kanisa likalipuka. Owuor, anayesimamia vyombo vya sauti, akainama nyuma ya spika akishika mbavu. Walimu walitazama viatu vyao. Mzee Kibii naye alianza kucheka pamoja nao, maana ni mtu anayependa watu wakicheka. Lakini kuokoka ni neno ambalo hata Mkipsigis wa Olenguruone analijua, na Zeddy aliona kicheko kikimwondoka usoni kidogokidogo. Mzee akasogelea maiki.

"Hapana," akasema kwa Kiswahili chake. "Mimi hapana sema ng'ombe okoka."

Wakacheka zaidi. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa vijana asubuhi ya baridi, wamepata kitu cha kuchekea. Mzee akarudi nyuma hatua moja. Akaitazama kofia yake, akaanza kuizungusha vidoleni kwa ukingo.

Kui alihisi benchi likinyanyuka. Alipogeuka, Zeddy alikuwa tayari katikati ya kanisa, anatembea upesi. Alipanda ngazi mbili za jukwaa akanyoosha mkono.

"Nipe."

Kipketer aliiachia maiki kama mtu aliyetolewa mwiba, akashuka. Zeddy akasimama upande wa kushoto wa baba yake, mahali anaposimama kila Jumatano. Hakumtazama. Aliwatazama watu mpaka wakanyamaza.

"Nilitoka nyumbani," akasema, "umande ukiwa bado haujaamka. Kwetu tunasema ng'ombe aliyeponea ukame hasahau chemchemi. Na mimi niliponea mengi. Nimekuja kumshukuru Mungu pamoja nanyi."

Kanisa likatulia kabisa. Jemutai, kule mbele na aproni yake, akasema, "Amina."

Mzee Kibii alimtupia binti yake jicho, akaendelea. Kwa dakika kumi mambo yalikwenda vizuri. Alisimulia alivyoingia kanisani mara ya kwanza akifuata msichana, si injili, na msichana huyo akawa mke wake, na injili ikaja baadaye kama ndama anayefuata ng'ombe. Watu wakacheka, na safari hii walicheka pale alipotaka wacheke. Zeddy alisema, "Nilimfuata msichana," kwa sauti nzito ya mzee, na hata Mwalimu Wangare wa hisabati, ambaye hacheki, akacheka.

Kisha mzee akaikunja kofia mikononi. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Mchungaji aliniambia nilete neno la mzazi," Zeddy akatafsiri. "Nimelitafuta siku nyingi shambani. Nililolipata si zuri. Lakini ndilo nililo nalo."

Alijua kabla hajaisikia sentensi iliyofuata.

"Nina binti," baba yake akasema.

"Nina binti," Zeddy akasema.

Mzee alisema polepole, sentensi moja moja, akimpa nafasi. Na sentensi moja moja Zeddy akaitoa, kwa sababu alikuwa ameshika maiki na watu walikuwa wakisubiri, na kwa sababu hakujua njia nyingine ya kusimama pale.

"Alipomaliza sekondari, aliomba chuo cha uuguzi. Hakuwa na simu, akaandika namba yangu. Siku moja ujumbe ukaingia. Mimi sijui kusoma. Nikaupeleka dukani kwa Njuguna, akanisomea. Ulisema binti yangu amepata nafasi. Aripoti baada ya wiki mbili."

Mvua nyepesi ilianza kugusa mabati.

"Mama yake alikuwa kitandani. Binti yangu ndiye aliyekuwa akimwogesha, akimlisha, akimgeuza. Mimi sikujua hata kupika uji. Nikaona akienda, nyumba imeanguka. Nikamwambia Njuguna anyamaze. Na mimi nikanyamaza."

Aliishia hapo. Zeddy alidhani imetosha. Mzee akaongeza jambo moja, fupi.

Hili lilichukua muda kutoka. "Kila siku," Zeddy akasema, "kila siku aliniuliza, baba, hakuna ujumbe? Na mimi nikamwambia, hakuna."

Alikuwa amelisema kwa mdomo wake mwenyewe, jibu lile lile alilolipokea mlangoni pa jikoni kwao miezi minne mfululizo. Wale waliojua Kikipsigis walikuwa wamekwisha kulisikia mara mbili, na baadhi yao walikuwa wameinamisha vichwa.

"Mke wangu akafa. Wiki ya mazishi, binti yangu akachukua simu yangu awajulishe jamaa. Ujumbe ulikuwa bado umo, kwa maana mimi sijui kufuta. Akausoma. Hakunitukana. Alinirudishia simu, akasema, 'Chaji inaisha, baba.' Tangu siku hiyo ananisalimu tu."

Mzee Kibii akageuka kidogo, akasema sentensi moja. Theluthi moja ya kanisa ikavuta pumzi. Waliobaki wakasubiri.

Zeddy hakuitafsiri. Alitazama ukuta wa nyuma, juu ya vichwa vya watu, palipokuwa na saa iliyosimama. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo, aliruka neno la mgeni. Akasubiri aendelee.

Mzee hakuendelea. Kiswahili chake kilikuwa cha soko, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Alijua alichosema hakijasemwa. Akakirudia, kwa upole, kama anavyomwita ndama aliyekataa kutoka zizini.

Alikuwa amesema: Binti huyo ndiye huyu anayenisemea.

Zeddy akafungua mdomo. Nusu saa nzima "mimi" ilikuwa ya baba yake. Sasa hakujua aiweke wapi. Akaishika maiki kwa mikono miwili.

"Binti huyo," akasema, "ni mimi."

Kui akaziba mdomo kwa mkono. Jemutai akasema, "Yesu wangu." Kule nyuma Owuor, aliyekuwa amecheka kuliko wote, alikuwa ameketi sakafuni na sura ya mtu aliyepigwa kofi.

Mzee Kibii alimgeukia binti yake kabisa, akawapa watu mgongo. Alimwambia kwa lugha yao kwamba anaomba amsamehe. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa hilo. Zeddy aliishusha maiki ikagusa paja. Alikuwa akilia, lakini uso wake haukukunjamana. Machozi yalishuka tu, kama ya mtu anayekata vitunguu. Kisha akamjibu, kwa Kikipsigis, kwa sauti ya chini, ila ikafika hadi mlangoni.

Wakalenjin wakacheka, huku nao wanalia. Mzee mwenyewe akacheka, akajifuta pua kwa mkono wa koti.

"Amesema nini? Amesema nini?" Kui akamvuta shati Kipketer, aliyekuwa amekuja kukaa kando yake.

Hili Kipketer alilielewa. "Amesema, 'Baba, malizia. Watu wana darasa saa tano.'"

Mzee Kibii akamalizia kwa maombi. Zeddy alipoinua maiki atafsiri, Mchungaji Mathenge akamwashiria aiache. Basi mzee akaomba peke yake, kwa lugha yake, juu ya sauti ya mvua, na waliomwelewa na wasiomwelewa wakainamisha vichwa. Mathenge alikuwa na kitambaa tayari mkononi.

Darasa la saa tano lilianza saa tano na nusu, na Mwalimu Wangare hakuuliza mtu kitu.

Jemutai aliwaweka Zeddy na baba yake jikoni, karibu na jiko la kuni, akawapa githeri na chai, kisha akatafuta kazi ya kufanya nje ingawa mvua ilikuwa inanyesha. Mzee alivua viatu vya kuazima, akaipasha miguu moto. Kwa muda walikula tu.

"Kwa nini mbele ya watu, baba?" Zeddy akauliza hatimaye. "Ungeniambia nyumbani. Mimi na wewe."

"Nyumbani hukai. Ukija unakaa na ndoo, unakaa na jiko, unakaa na ndama. Nikifungua mdomo umeshatoka." Akapuliza chai. "Hapa nilijua utakaa, hata kama ni nyuma. Na sikujua ni wewe utakayenisemea. Nilimwona yule kijana, nikasema sawa, maneno yatapita kwake, yeye hayamuumi. Ulipokuja kusimama pale, niliogopa. Nilifikiri nigeuze, niseme mambo ya viazi."

Zeddy alitaka kucheka, akajizuia, maana alikuwa na neno lake na alitaka alitoe kabla halijapoa.

"Sikukasirika kwa sababu ya chuo cha uuguzi," akasema. "Huwezi kujua hilo, kwa hiyo nakuambia. Hapa napapenda. Watoto wa chekechea tunaojifunza kuwafundisha nawapenda. Lakini ile miezi yote nilidhani nimeshindwa. Nilidhani mimi ni mjinga. Namwogesha mama huku nafikiri, hata huko hawakunitaka."

Mzee aliweka kikombe chini.

"Na ungeniambia, ningekaa. Ningewaandikia waniwekee nafasi, au wasiniwekee, na ningekaa na mama. Kwa hiari yangu. Nilikaa naye mpaka mwisho, na hata siwezi kujivunia, kwa sababu sikuchagua. Ulinichagulia."

Kuni zikalia motoni. Mzee Kibii akasukuma ukuni ndani ya jiko.

"Hilo sikulifikiria," akasema. "Nililifikiria la chuo tu. Hilo lingine sikulifikiria hata siku moja." Akatikisa kichwa. "Ni kubwa kuliko lile nililokuja nalo."

"Ndiyo."

"Basi sina la kusema."

"Usiseme. Kula."

Akala. Baadaye kidogo Kipketer alibisha mlango, akaingia akiwa ameloa.

"Mzee, pole sana. Nilikuaibisha."

Mzee Kibii alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni. "Mama yako anaongea nini nyumbani?" akamuuliza kwa Kiswahili.

"Kiswahili, mzee."

"Na nyanya yako?"

"Huyo anaongea Kitugen."

"Enda kwake likizo. Wewe kaa kule mwezi moja. Chunga mbuzi yake." Akamsukumia kibuyu cha mursik. "Kunywa. Wewe si mtu mbaya. Hiyo ng'ombe ilikushinda tu."

Kipketer akanywa, akapata masharubu ya masizi na maziwa, na Zeddy akacheka kicheko kizima, cha kwanza mbele ya baba yake kwa muda mrefu. Mzee hakumtazama alipocheka. Aliendelea kuota moto, kama mtu aliyeona ndege ametua karibu naye na hataki kumshtua.

Saa nane walimsindikiza mpaka stendi, Zeddy na Kui. Mvua ilikuwa imekatika na barabara inafuka mvuke. Gari la Molo lilipokuja, mzee alipanda, akakaa dirishani.

"Utakuja lini?" akauliza.

"Tukifunga. Mwezi wa nne."

"Utakaa?"

"Nitakaa wiki mbili, baba. Halafu naenda Bondeni kumsaidia mama mdogo."

Mzee akahesabu kimoyomoyo, akaona wiki mbili si haba. "Sawa," akasema. Gari likaondoka.

Mambo hayakunyooka yote siku ile. Simu za Olenguruone ziliendelea kuwa fupi, ila sasa zilifika dakika nne, tano. Wakati mwingine Zeddy alikumbuka mlango ule wa jikoni na neno lile "hakuna", na hasira ikampanda upya akiwa katikati ya kufua nguo, akaiacha ipande mpaka ishuke. Alimweleza Mathenge. Mathenge akasema msamaha ni kama shamba la Mau, hulilimi mara moja ukamaliza.

Mwezi wa nne alikwenda nyumbani, akakaa wiki mbili kama alivyosema. Walipanda viazi pamoja. Maneno ya baba yake yalikuwa mengi kuliko alivyoyakumbuka. Labda alikuwa hivyo siku zote, na ni Zeddy aliyekuwa akitoka nje kabla hayajaanza.

Jumapili ya pili, katika kanisa lao dogo, wazee walimwomba Mzee Kibii aeleze kuhusu safari yake ya chuoni. Akasimama, akavua kofia. Alieleza kwamba wanafunzi wa huko ni wengi na wana njaa ya neno la Mungu. Kanisa lao ni zuri, ingawa saa yao imesimama na hakuna anayeitengeneza. Githeri yao haina chumvi ya kutosha. Na yeye alihubiri vizuri sana, tena kwa lugha mbili.

Minong'ono ikapita mabenchini. Mzee mmoja akauliza kwa sauti kama hilo la lugha mbili ni kweli.

"Mtoto yuko hapa," Mzee Kibii akasema. "Muulizeni."

Watu wote wakageuka. Zeddy akasimama mahali pake, katikati ya akina mama, mtoto wa jirani amelala begani mwake.

"Ni kweli," akasema. "Na la chumvi pia ni kweli."